Kona ya Mwalimu: Ulezi wa Mahakama si Ulezi wa Shangazi

  

Mwezi huu sitaongea juu ya madaftari wala sare. Nimeletewa swali zito, na naona si la mtu mmoja, kwa hiyo naliweka hapa mbele yetu sote.

Swali limetoka Kirewa, kule wilaya ya Tororo. Wengi wenu mnazijua sehemu hizo. Sisi tuliovuka mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, wakati fujo za uchaguzi zilipochacha Kenya, tulipokelewa kwanza Mulanda, huko huko Tororo, ndipo baadaye tukaletwa hapa Kiryandongo. Lakini si wote waliopanda malori. Wako waliobaki kwa jamaa na marafiki katika vijiji vya karibu na mpaka. Mmoja wao ni nyanya aliyenitumia maneno haya kwa mkono wa mtu aliyekuja kumtembelea ndugu yake. Amekubali niyaandike, jina lake nisilitaje:

"Mwalimu, nalea mjukuu wangu wa miaka minne. Mama yake alivuka kwenda Busia ya Kenya kutafuta kazi, na sasa mwaka unaisha hatujasikia sauti yake. Kuna bwana amekuja na habari ya wazungu wawili, mume na mke, hawajajaliwa mtoto. Ati wanataka kumsomesha. Anasema nitie kidole kwenye karatasi ya ulezi, niseme mtoto alitupwa na mama, halafu mtoto atasoma ng'ambo na atarudi daktari. Nitie ama nisitie?"

Nyanya, jibu langu fupi ni hili: usitie. Na sasa wacha nieleze kwa nini, maana kukataa bila kujua sababu ni kama kukubali bila kujua sababu. Kesho atakuja bwana mwingine na maneno matamu zaidi.

Neno moja, maana mbili

Kwetu sisi neno "ulezi" ni la kawaida sana. Mtoto anapelekwa kwa shangazi kwa sababu kwa shangazi shule iko karibu. Mwingine anakaa kwa mjomba miaka mitatu mpaka baba apate kazi. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Mtoto anaitwa jina lile lile, na Krismasi anarudi nyumbani na viatu vipya. Hata akikaa kwa shangazi mpaka aoe, bado ni mtoto wa fulani, na kila mtu anajua.

Ndiyo maana mtu akija na kusema "ulezi tu, si kumchukua," tunasikia maneno ya shangazi. Tunaona viatu vya Krismasi.

Lakini ulezi wa mahakama ni kitu kingine. Ni amri ya jaji. Akishaiandika, haki ya kuamua mtoto ataishi wapi, atasoma wapi na atatibiwa wapi inakuwa ya yule aliyetajwa kwenye karatasi. Hapa Uganda, kwa miaka karibu kumi, amri hiyo ilitumika hivi: wageni wakipewa ulezi, mtoto anatafutiwa pasipoti, anaombewa viza ubalozini, anapanda ndege. Akifika kule, wanakwenda mahakama ya kwao na kumwasili, yaani kumuadopti. Hapo mtoto anakuwa wao moja kwa moja. Anaweza kupewa jina lingine. Mama aliyemzaa, kwa macho ya sheria, si mama yake tena.

Sasa linganisha. Mzazi wa Tororo anatia kidole akifikiria shule. Wakili anaandika "ulezi" akifikiria ndege. Neno ni lile lile, lakini kila mmoja ana lake moyoni.

Mlango ulivyofunguliwa

Pengine utauliza, mbona wageni walipitia ulezi badala ya kuomba kuasili kuanzia mwanzo? Ni kwa sababu ya masharti. Sheria ya watoto ya Uganda ya mwaka 1996 haikumkataza mgeni kuasili mtoto, ila ilimwekea masharti magumu. Alitakiwa awe ameishi Uganda miaka mitatu, na awe amemlea mtoto huyo miezi 36 chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii, huyu tunayemwita afisa wa probeshoni. Alitakiwa awe hana rekodi ya uhalifu, awe na barua kutoka kwao kwamba anafaa kulea, na aionyeshe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo.

Miaka mitatu ni mingi kwa mtu mwenye kazi Ohio au Texas. Basi baadhi ya wanandoa wa Marekani wakaiomba Mahakama Kuu iwape ulezi tu, ili wakamalizie kuasili kwao. Mahakama Kuu ikakataa. Iliona kwamba njia ya mgeni iko tayari ndani ya sheria ya watoto, na huku ni kuizunguka. Wakakata rufaa, rufaa namba 32 na 33 za mwaka 2006. Mahakama ya Rufaa ikawasikiliza, ikasema Katiba imeipa Mahakama Kuu mamlaka mapana, na cha kwanza kutazamwa ni faida ya mtoto mwenyewe. Ikakubali ulezi.

Tuwe waungwana kwa majaji hao. Mbele yao kulikuwa na watoto wasio na nyumba, na watu waliokuwa tayari kuwapa nyumba. Ukiwa umekaa kwenye kile kiti, utasema nini? Utamwambia mtoto angoje miaka mitatu kwenye makao, kitanda kwa kitanda, kwa sababu ya kifungu?

Shida ni kwamba mlango ukifunguliwa kwa mtoto mmoja mwenye haja ya kweli, hupita na wengine nyuma yake. Baada ya uamuzi ule, maombi yaliongezeka sana. Kati ya mwaka 2011 na 2013, watoto zaidi ya 200 walikwenda Marekani kutoka Uganda kila mwaka kwa njia hizi. Na panapokuwa na watu wengi wanaotafuta mtoto, na kila mmoja amelipa maelfu ya dola kwa wakala, watokea watu wa kuwatafutia. Hapo ndipo yule bwana anapozaliwa, yule anayezunguka vijijini akiuliza, "Nani hapa ana mtoto anayemlemea?"

Mambo yaliyotokea

Si hadithi za kutishana hizi. Mwaka 2015 familia moja ya Marekani ilimwasili msichana mdogo kutoka Uganda, wakiamini amekosa malezi. Msichana alipojua Kiingereza kidogo akaanza kuwaeleza juu ya mama yake, jinsi wanavyopika na jinsi wanavyokwenda kanisani. Wakachunguza, wakakuta mama yuko hai na alikuwa akidhani mwanawe amepelekwa shule. Mwaka 2016 wakamrudisha kwa mama yake. Hao walikuwa na moyo. Je, ni wangapi hawakuuliza?

Mwaka 2019 mwanamke mmoja aliyefanya kazi na wakala wa kuasili watoto huko Ohio alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba alishiriki katika mpango uliohonga maafisa wa Uganda. Mwezi wa Agosti 2020 serikali ya Marekani ikawawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mtu mwingine mmoja kwa ajili ya mpango wa namna hiyo. Maelezo ya serikali hiyo yalisema wazazi wa vijiji vya mbali waliahidiwa kwamba watoto wao wangepelekwa Kampala kwa masomo maalumu, na baadaye kusoma Marekani. Watoto wakawekwa kwenye makao, wageni wakaletwa, karatasi zikasema ni yatima au wametupwa.

Soma tena maneno ya yule bwana wa Kirewa, kisha soma haya. Unaona yanavyofanana?

Na kwa sisi wakimbizi kuna kisa kingine tusichopaswa kukisahau. Oktoba 2007, huko Chad karibu na mpaka wa Sudan, watu wa shirika la Ufaransa lililoitwa L'Arche de Zoé walikamatwa mjini Abéché wakiwa karibu kupakia ndegeni watoto 103. Walisema ni yatima wa vita vya Darfur. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bandeji na hawana kidonda. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu yalipokaa na watoto na kuwauliza pole pole, ilionekana kwamba 91 kati yao walikuwa wakiishi na familia, na mtu mzima waliyemwita mzazi. Wengi hawakuwa hata Wasudani, walikuwa watoto wa vijiji vya Chad vilivyo mpakani. Wazazi waliambiwa nini? Kwamba watoto wanapelekwa shule. Desemba mwaka huo Wafaransa sita walihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu. Mwezi wa Machi 2008 rais wa Chad akawasamehe.

Mpakani na kambini ndipo mahali rahisi pa kumwita mtoto yatima, kwa sababu ndipo mahali ambapo wazazi wametawanyika. Mama yuko upande wa pili wa mpaka, baba amerudi kutazama shamba, simu haina chaji. Mtoto amebaki na nyanya. Kwa mtu anayetafuta mtoto, huyo ni "wa kutupwa". Kwa sisi, huyo ni mtoto wa mtu aliyekwenda kutafuta.

Mlango umefungwa vipi

Mwaka 2016 Uganda ilirekebisha sheria ya watoto. Mambo mawili nataka kila nyumba iyajue.

La kwanza, ulezi wa kisheria sasa ni wa raia wa Uganda peke yao. Mgeni hawezi tena kuomba ulezi wa mtoto, aondoke naye, akamalizie kwao. Kwa hiyo leo mtu akikuletea karatasi ya ulezi na kusema ni ya wazungu, mojawapo ya mambo mawili ni kweli: hajui sheria, au anaijua sana na ana mpango wa kuizunguka, pengine kwa kuandika jina la Mganda badala yao.

La pili, mgeni bado anaweza kuomba kuasili, na ombi lake linakwenda Mahakama Kuu. Muda umepunguzwa: badala ya miaka mitatu, awe ameishi Uganda angalau mwaka mmoja, na awe amemlea mtoto huyo angalau mwaka mmoja akisimamiwa na afisa wa probeshoni. Mahakama inaweza kulegeza sharti kukiwa na sababu ya pekee kabisa. Lakini sheria imesema wazi kwamba mtoto kwenda nchi nyingine ni njia ya mwisho kabisa, baada ya zote za hapa nyumbani kushindikana. Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto ulikuwa umeshasema hivyo hivyo tangu mwaka 1990.

Majirani nao walistuka. Congo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini mwezi wa Septemba 2013. Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake mwezi wa Novemba 2014. Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Hilo ni jambo la kuangalia kwa watu wa Busia, mji mmoja wenye pande mbili. Sheria ikikaza upande mmoja, mjanja hutazama ng'ambo ya pili. Ukisikia mtoto wa upande huu ameandikishwa upande ule, uliza maswali.

Kuna jambo lingine ambalo nyanya wa Kirewa analihitaji. Kwa kuasili, sheria inataka idhini ya wazazi kama wanajulikana, na mzazi anaweza kuiondoa idhini yake wakati wowote kabla jaji hajatoa amri. Jaji anatakiwa ajiridhishe kwamba mzazi anaelewa kuwa anaacha haki zake za uzazi kabisa, si kwa muda. Mtoto akiwa na miaka 14 au zaidi, yeye pia anaulizwa. Nyanya unalea, na Mungu akubariki, lakini mama wa mtoto anajulikana. Kidole chako hakiwezi kusimama mahali pa kidole chake. Na ukisema ametupwa, ilhali unajua mama yake alikwenda kutafuta kazi, utakuwa umeapa uongo, na uongo huo ndio utakaofunga mlango siku mama akirudi.

Na wale walioachwa kweli?

Najua kuna msomaji anasema, "Mwalimu, wewe unaongea juu ya wenye nyanya. Na yule aliyeokotwa stendi ya mabasi?" Swali la haki kabisa. Wako watoto wanaoachwa kweli, hospitalini, kwenye majani, mlangoni mwa kanisa. Huyo hana shangazi tunayemjua. Je, tumnyime nyumba kwa sababu ya makosa ya mawakala?

Hapana. Nami sitaki mtu asome kona hii aanze kumchukia kila mgeni. Wako wageni waliohamia Uganda, wakaishi hapa, wakajifunza lugha, wakangoja mpaka mahakama iliporidhika. Mtu anayengoja amekubali kuulizwa maswali. Yule anayetaka iishe wiki hii ndiye wa kutiliwa shaka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa mtoto ni zaidi.

Mtoto aliyeokotwa ana ngazi zake. Kwanza polisi, kitengo cha familia na watoto, na mwenyekiti wa LC wa kwanza. Halafu afisa wa probeshoni, ambaye anampeleka mbele ya mahakama ya familia na watoto, mtoto akapata mahali salama kwa amri halali. Wakati huo jamaa wanatafutwa. Wakipatikana na wanaweza, anarudi kwao. Wasipopatikana, inatafutwa familia ya kumlea, kisha familia ya hapa hapa ya kumwasili. Mgeni wa mbali anakuja baada ya hao. Tangu mwaka 2012 serikali ya Uganda ina mwongozo unaofuata njia hiyo, na makao ya watoto yanatakiwa kuwa mahali pa kupita, si pa kukulia.

Kwa mtoto mkimbizi ni hivyo hivyo, na zaidi. Tangu miaka ya 1990 msimamo wa UNHCR ni kwamba mtoto aliyepotezana na wazazi asiasiliwe kama bado kuna tumaini la kuwapata, na kwa kawaida ingojwe angalau miaka miwili ya kutafuta. Kwa nini miaka miwili? Sisi wenyewe ni mashahidi. Kuna waliopotezana 2008 wakapatana baada ya muda mrefu, mtu amekwisha kuliliwa. Ukimtoa mtoto nchini mwezi wa pili, mama akitokea mwezi wa ishirini utamwambia nini?

Sasa hapa kuna neno letu sisi, na si tamu. Ngazi hizo zinavunjika katikati kwa sababu sisi hatuzipandi. Tunasema "mtoto wa kuokotwa ana laana," "sijui damu yake," "atakuja kudai shamba." Familia za hapa zinazojitokeza kuasili ni chache, na wanaojitokeza wanafanya kwa siri kama wanaiba. Halafu mgeni akija tunasema wanatuibia watoto. Mimi nafundisha darasa la tatu. Kuna watoto ninaowafundisha ambao hawakai na waliowazaa, na wanaolelewa na jirani tu, bila undugu, ukiwaona huwezi kuwatambua. Wanacheza sawa na wanapiga kelele sawa.

Wala sisemi ni rahisi. Hapa kambini tunajua sufuria ilivyo. Mgao wa chakula ulipunguzwa 2020, ukapunguzwa tena 2021, na tena 2023. Mtu anapokubali mtoto aende, mara nyingi ni njaa inayotia kidole, wala si kukosa upendo. Ndiyo maana nasema hivi kwa kila mgeni mwenye nia njema, na kwa bwana anayewasemea: kama haja ni shule, shule ziko. Karo inalipwa shuleni, mtoto akiwa amelala kwa nyanya yake. Mwenye kutaka kusomesha hahitaji kwanza mtoto aitwe wa kutupwa.

Kabla hujatia kidole

Kata sehemu hii uibandike ukutani.

1. Usitie kidole wala sahihi kwenye karatasi usiyoweza kuisoma. Mwambie aliyeileta akuachie nakala usiku mmoja. Akikataa, jibu umeshapata. Kijana wa sekondari akusomee neno kwa neno kwa lugha unayoielewa.

2. Uliza maswali matatu: Karatasi hii inaitwaje? Inapelekwa mahakama gani? Mtoto atarudi lini, na ni wapi ilipoandikwa kwamba atarudi? "Atarudi daktari" ni maneno ya mdomo, jaji hayaoni.

3. Usikubali kuandika kwamba mtoto ni yatima au ametupwa kama mzazi yuko hai. Hata kama hujamsikia mwaka mzima, andika ukweli: alikwenda wapi, lini, na simu yake ya mwisho ilikuwa ipi.

4. Usipokee pesa, godoro, wala mbuzi kwa ajili ya mtoto. Sheria haitaki malipo katika kuasili. Anayekulipa leo kesho atakuonyesha wewe kama muuzaji.

5. Nenda kwa afisa wa probeshoni wa wilaya wewe mwenyewe. Usiende na yule bwana. Walio Kirewa, afisa wenu yuko Tororo. Sisi wa hapa tuanze kwa mwenyekiti wa RWC, halafu ofisi ya Waziri Mkuu na watu wa UNHCR wanaoshughulikia watoto. Ukiona jambo baya linaendelea, piga 116, simu ya watoto ya Uganda. Haina malipo.

6. Mzazi akipotea, tafuta kabla ya kukata tamaa. Msalaba Mwekundu wa Uganda na wa Kenya wanasaidia kutafuta ndugu waliopotezana, na kupeleka ujumbe. Peleka jina kamili, majina ya wazazi, kijiji alikotoka na mahali alipoonekana mwisho. Ukiwa na picha, peleka.

7. Kama umekwisha kutia kidole, usijifiche kwa aibu. Kama amri haijatolewa, mzazi bado anaweza kuondoa idhini yake. Kimbia kwa probeshoni au kwa watu wa msaada wa sheria leo, usingoje Jumatatu.

Na ombi langu la mwisho ni kwa nyumba zenye nafasi ya mkeka mmoja. Waambieni wahudumu wa watoto kwamba mko tayari kulea, hata kwa miezi michache. Waandikwe majina, wachunguzwe, wasimamiwe, kama sheria inavyotaka. Mtoto aliyeachwa akipata mlango wazi hapa, hakuna atakayehitaji kumtafutia mlango wa mbali, wala kumtungia uongo ili auingie.

Mwezi ujao tutaongea juu ya vyeti vya kuzaliwa: kwa nini mtoto aliyezaliwa hapa kambini anakihitaji, na mahali pa kukiomba. Maswali yaleteni shuleni au mpeni kiongozi wa bloku yenu. Kaeni salama, na watoto walale mapema. Jumatatu tuna hesabu.

Ni mimi mwalimu wenu.